Magunia Niliyoyaandika Bila Kuyafungua

Barua ya kunikubali kuwa mwandishi wa gazeti ilikuja na basi la Arusha, ndani ya bahasha ya kaki iliyokwisha kutumika mara moja na kugeuzwa ili itumike tena. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na karatasi nayo ilikuwa bidhaa adimu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Nangara, mwanamke wa miaka ishirini na sita niliyeshuka kutoka milima ya Mbulu kuja kufundisha Babati. Kwa muda nilikuwa nikipeleka barua za wasomaji kwenye gazeti moja dogo la kanda yetu, lililotoka kila baada ya wiki mbili. Niliandika kuhusu visima vilivyokauka, utoro wa wanafunzi, na ng'ombe kuingia shamba la shule. Mhariri alizipenda. Sasa aliniomba niwe nampelekea habari za mji. Mshahara haukuwepo, bali nakala mbili za gazeti kila toleo, na heshima.

Pamoja na barua ile kulikuwa na ukurasa mmoja uliochapwa kwa stensili, wino umefifia pembeni, wenye kichwa "Maadili ya Mwandishi". Andika ulichokithibitisha mwenyewe. Msikilize unayemtaja kwa ubaya kabla hujamwandika. Usimwite mtu mkosaji kabla mahakama haijamwita hivyo. Usipokee kitu kwa mtu anayekupa habari. Ukikosea, sahihisha. Niliusoma nikacheka kidogo. Niliona ni mambo ambayo wanafunzi wangu wa darasa la sita wangeyajibu yote kwenye mtihani. Nikaubandika ndani ya mlango wa kabati langu na kuusahau.

Mwaka huo ndipo msako wa walanguzi ulipoanza. Sukari, sabuni, mafuta ya kula, khanga, hata betri za redio, vyote vilikuwa vimetoweka madukani, na tukaambiwa kwamba vimefichwa na watu wabaya waliomo miongoni mwetu. Huenda kweli vingine vilifichwa. Lakini mji wetu mdogo uligeuka ghafla. Mtu mwenye chupa mbili za mafuta nyumbani alijiona mhalifu. Mama mmoja alibeba kilo yake ya sukari ndani ya mfuko wa daftari za mwanawe, akipita njia ya nyuma. Asubuhi moja zilionekana doti za khanga zikielea kwenye matete ya Ziwa Babati, bila shaka zimetupwa na mtu aliyeogopa kupekuliwa. Wanawake tulijaa ukingoni tukizitazama. Zilikuwa mpya, na karibu kila mmoja wetu alikuwa amevaa khanga iliyopauka. Hakuna aliyezigusa. Kila mmoja alimtazama mwenzake aone nani ataanza, na nani atakwenda kusema kwamba fulani ndiye aliyeanza.

Nami nilikuwa na kalamu. Nilikuwa nimezoea kuingia dukani watu wakisogea kunisalimia mwalimu wa watoto wao. Sasa nikiingia, mazungumzo yalihamia kwenye mvua. Muuza nyama mmoja aliniuliza waziwazi, kisu mkononi, "Mwalimu, leo umekuja kununua au umekuja kuandika?" Watu walicheka, lakini walingoja jibu. Niliposema nimekuja kununua, walinitazama mpaka nilipotoka.

Ningepaswa kuhuzunika. Ukweli ni kwamba nilivimba kichwa. Niliona wananiogopa kwa sababu wana la kuficha, nami nikaanza kumshuku kila mtu.

Ndipo akaja yule karani. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, msafi sana wa mavazi, aliyefanya kazi katika ofisi iliyotoa vibali vya mgawo kwa wenye maduka. Alikuja shuleni wakati wa mapumziko ya mchana, akaegemeza baiskeli yake ukutani, akaniita pembeni.

"Mwalimu, wewe si mtu wa gazeti?"

"Ndiyo."

"Basi mbona unaandika mambo ya visima, na sukari ya wananchi imelala ghalani Sigino?"

Akanitajia jina la mwenye duka. Nilimfahamu, kila mtu alimfahamu. Alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye baba yake alitoka pwani zamani na kufungua duka karibu na soko. Alikuwa mpole, mwenye Kiswahili laini kuliko chetu sisi wa milimani, na alinikopesha madaftari ya shule kila muhula bila kuandikiana. Karani alisema mzee huyo amehamisha sukari yake na kuificha kwa mkulima mmoja wa kijiji cha Sigino anayefanya naye biashara.

"Nitamwuliza mwenyewe," nilisema.

"Ukimwuliza ataihamisha leo hii. Utakuwa umewasaidia walanguzi. Twende nikuonyeshe, halafu uamue."

Tulikwenda siku hiyohiyo masomo yalipokwisha, kwa miguu, yeye akisukuma baiskeli. Njiani aliongea juu ya nchi na wanyonge kwa sauti nzuri sana. Tulipofika Sigino wenye boma hawakuwepo, walikuwa shambani. Karani alikwenda moja kwa moja kwenye ghala nyuma ya nyumba, akasukuma mlango ukafunguka kiasi cha kupitisha kichwa. Ndani kulikuwa na giza. Niliona mabua ya mahindi, na chini yake magunia yaliyosimama, sita au saba, yenye chapa ya kiwanda cha sukari na alama ya rangi nyekundu ambayo mzee yule aliweka kwenye mali yake. Niliijua alama ile. Niliinama nipite.

"Usiguse," karani alinishika mkono. "Ukigusa utaharibu ushahidi."

Neno hilo lilinitosha. Nilirudi nyuma. Nakumbuka kwamba pua yangu ilinusa kitu kikavu chenye vumbi, kama ghala lolote la mkulima, na akili yangu ikanusa sukari.

Tulipoachana njia panda alitoa kwenye begi lake mche mzima wa sabuni, umefungwa kwa gazeti kuukuu. "Umetembea sana kwa ajili ya wananchi," alisema. Wakati ule nilikuwa nafua kwa majani ya mpapai kwa mwezi wa pili, na mikono yangu ilikuwa imepasuka. Niliipokea. Nilijiambia kwamba ile haikuwa zawadi, ni msaada tu, maana mimi sikuomba.

Niliandika habari jioni hiyohiyo kwa kalamu ya wino, karatasi ya kaboni chini yake nibaki na nakala. Asubuhi nikampa kondakta wa basi. Habari ilitoka ukurasa wa kwanza, jina la mzee likiwa kwenye kichwa cha habari kwa herufi nene: mlanguzi wa Babati aficha sukari Sigino. Gazeti lilifika na basi mchana. Kabla jua halijazama mzee alikuwa amekwisha kuchukuliwa na askari. Niliwaona watu wamesimama mbele ya duka lake lililofungwa, kimya, na nilipokaribia walianza kuondoka mmojammoja, bila haraka, kama watu waliokumbuka kazi.

Siku ya tatu mke wake alikuja shuleni. Alikuwa mama mzima, mnene, anayetembea kwa shida, na alikuwa ametembea kutoka mjini mpaka Nangara. Nilitoka darasani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakukaa kwenye kiti nilichomletea. "Mwanangu, sikuja kugombana. Nimekuja kukuuliza jambo moja tu. Yale magunia uliyafungua?"

Nilifuta chaki vidoleni.

"Ulitia mkono? Uliona sukari, au uliona gunia?"

"Yalikuwa na chapa ya sukari, mama. Na alama ya duka lenu."

"Ndiyo. Nyekundu. Naichora mimi mwenyewe." Alinitazama kwa muda. Nyuma yangu darasa zima lilikuwa likisikiliza. "Mbona hukuja kutuuliza? Ungepewa chai, ungeuliza, tungekujibu. Mlango wetu hukuwa unaujua?"

Kisha akaaga kwa adabu, akaondoka. Nilirudi darasani nikaendelea na hesabu za sehemu, na nikakosea ubaoni mara mbili.

Jioni nilianza kutafuta mtu wa kumlaumu. Nilikumbuka wazi kabisa kwamba niliandika "anadaiwa kuficha", na kwamba mhariri ndiye aliyelifuta neno hilo ili gazeti lipate kelele. Nilimkasirikia mtu yule sana. Nikaitoa nakala yangu ya kaboni kabatini nipate ushahidi dhidi yake. Neno "anadaiwa" halikuwemo. Niliandika "ameficha" kwa mwandiko wangu mzuri wa ualimu, na mlango wa kabati ulikuwa wazi mbele yangu, na ule ukurasa umebandikwa pale. Niliusoma tena, na safari hii sikucheka.

Jumamosi nilikwenda Sigino peke yangu. Mkulima alikuwepo, mzee mrefu amejifunika shuka, na mkewe alikuwa akipepeta mtama uani. Nilimsalimu kwa Kiiraqw, lugha yetu sisi wa Mbulu. Alinijibu kwa Kiswahili, kile cha kuchagua neno mojamoja, na hapo nikajua kwamba amenitoa katika watu wake.

"Wewe ndiye wa gazeti?"

"Ndiye mimi, baba."

"Mlifungua mlango wangu nikiwa sipo. Leo nipo. Nenda ukafungue."

Nilikwenda. Magunia yalikuwa palepale. Safari hii nilipiga magoti, nikafungua kamba ya la kwanza, nikatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Mbaazi. Nikafungua la pili, mbaazi. Nililifungua kila moja mpaka la mwisho, na yote yalikuwa mbaazi kavu za shamba lake, na vumbi lile lile lililonijia puani siku ile.

Mke wa mkulima alikuwa amesimama mlangoni. Yeye alinionea huruma kidogo, akaniambia kwa lugha yetu kwamba mwenye duka alikuwa akiwapa wateja wake magunia matupu, na kwamba nusu ya nyumba za Sigino zina magunia yenye alama ile nyekundu.

"Hawakuja kupekua?" niliuliza.

"Walikuja siku gazeti lilipotoka," alisema mumewe kutoka nje. "Wakaona mbaazi. Nikawaambia, hii ndiyo mali yangu. Wakasema sukari imekwisha kuhamishwa, kwa sababu gazeti limeandika ilikuwepo."

Nimewahi kusikia maneno mengi magumu maishani, lakini hayo hayajanitoka. Watu walikuwa wameshika mbaazi mkononi wakaamini karatasi.

Wiki iliyofuata nilianza kusikia mengine. Mgawo wa duka la mzee, kwa vile duka limefungwa, ulikuwa umehamishiwa kwenye duka jipya upande wa stendi, na mwenye duka hilo, watu walisema, ni shemeji wa karani. Walisema hivyo wakigeuza uso, si kwangu, bali kwa wenzao mimi nikiwa karibu. Nililishika jambo lile kwa furaha mbaya. Nilikaa mezani nikaandika kichwa cha habari kumhusu karani kabla sijaandika hata mstari mmoja wa habari yenyewe. Nilipokisoma nikaona nafanya lilelile, ila kwa mtu mwingine. Nilichokuwa nacho kilikuwa shaka, na shaka haikuwa imeniletea mema. Nikaamua kwenda kwake kwanza.

Nilimkuta ofisini, saa nne asubuhi, mlango wazi, watu wawili wakingoja nje kwenye benchi.

"Nimekuja kusikia upande wako," nilisema.

"Upande wangu wa nini, Mwalimu?"

"Magunia yale yalikuwa mbaazi. Na mgawo umekwenda kwa mtu anayesemwa ni shemeji yako."

Hakukasirika. Aliweka kifuniko kwenye kalamu yake taratibu. "Mimi nilikuonyesha magunia. Nilikuambia usiandike? Nilikuambia uandike? Jina lililo chini ya habari ni la nani?"

"La kwangu."

"Na hilo la shemeji, una karatasi?"

"Sina."

"Basi una maneno ya sokoni." Kisha akainama mbele na kushusha sauti, akitabasamu kama mtu anayemuulizia mgonjwa. "Na ile sabuni, Mwalimu, ilitoa povu? Ukiandika juu yangu, usisahau kuiandika na hiyo."

Nilitoka. Watu wa kwenye benchi walinitazama miguuni.

Usiku na mchana uliofuata nilipima jambo moja tu: je, naweza kusahihisha habari ile bila kuitaja sabuni? Ningeweza kusema nilipotoshwa. Ingekuwa kweli, tena ingeniacha msafi. Lakini karani alikuwa amenishika hapohapo, na niliona kwamba nikiificha sabuni nitakuwa wake maisha yangu yote. Niliandika ukurasa mmoja. Nilisema magunia niliyaona lakini sikuyafungua, kwamba sikumuuliza mwenye duka, kwamba nilipokea sabuni kwa mtu aliyenipa habari, na kwamba nilipoyafungua nilikuta mbaazi. Kuhusu shemeji na mgawo sikuandika neno, maana sikuwa na hakika. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Kondakta sikumwamini tena kwa ajili ya bahasha hiyo, kwa hiyo niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu nikaenda mwenyewe. Basi lilisubiri dizeli mpaka adhuhuri. Nilifika Arusha jioni nikalala kwa binamu yangu, na asubuhi nikaipata ofisi ya gazeti, chumba kimoja nyuma ya mtambo wa kuchapa. Mhariri alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hatukuwa tumeonana kamwe. Alisoma ukurasa wangu mara mbili, akauweka mezani, akauliza kwa upole,

"Huyu mwenye duka amekupa nini?"

"Hajanipa kitu. Yuko ndani."

"Mkewe?"

"Hapana. Aliyenipa kitu ni yule wa kwanza. Nimeandika hapo."

"Naona. Umeniletea habari mbili za magunia hayohayo, dada. Niamini ipi?"

"Hii. Hii nilitia mkono."

Aliuvuta ukurasa wangu karibu tena. Mtambo nyuma ya ukuta ulikuwa ukigonga. "Nilipaswa kukuuliza wakati ule," alisema hatimaye. "Nilipoisoma niliona hakuna kauli ya mwenye duka. Niliona. Lakini wakubwa walikuwa wakiniuliza kwa nini gazeti langu halina walanguzi wakati magazeti mengine yanao. Habari yako ilikuja siku nzuri." Akavua miwani. "Nikichapa hii, watauliza nani amenituma. Na wewe watakuuliza."

"Mke wa mwenye duka ameshaanza."

"Na siwezi kuendelea kuwa na mwandishi aliyepokea sabuni. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Aliichapa. Haikuwa ukurasa wa kwanza, ilikuwa ukurasa wa tatu, lakini kwa ukamilifu, na jina la mzee liliandikwa kwa herufi zilezile nene, sabuni imo, na mwishoni mstari mmoja ukisema kwamba mwandishi huyo hatumikii tena gazeti, na kwamba mhariri anaomba radhi. Naamini ilimgharimu, ingawa hakuniandikia tena nikajua.

Babati iliisoma kwa namna yake. Wapo waliosema afadhali. Wengi walisema kama mara ya kwanza nilipewa sabuni, basi mara hii nimepewa kikubwa zaidi, na wakanichungulia nyumbani waone nimenunua nini. Shuleni nilipewa onyo la maandishi. Karani alihamishwa wilaya nyingine miezi kadhaa baadaye. Kuna waliosema amepandishwa, kuna waliosema amefichwa, nami sikuuliza upande wowote.

Mzee alirudi baada ya wiki nyingi, amekonda, ndevu zote nyeupe. Sikuwahi kujua kama aliachiwa kwa sababu ya ukurasa wangu au kwa sababu hapakuwa na kesi tangu mwanzo. Nilikwenda kumwomba radhi. Nilimkuta amekaa nyuma ya kaunta, rafu karibu zote tupu. Nilisema niliyokuwa nimejiandaa kuyasema, nikakwama katikati, nikayamalizia vibaya.

"Nimekusamehe, Mwalimu," alisema. "Mke wangu bado, mpe muda. Ila nakuomba jambo."

"Sema, baba."

"Usiniandike tena. Hata kwa wema. Hata nikifa."

Niliahidi. Ndiyo sababu hapa sijamtaja kwa jina, wala yeyote mwingine, ijapokuwa karibu wote wamekwisha kutangulia.

Sukari iliporudi madukani, mwaka mmoja au zaidi baadaye, niliendelea kununua kwake. Aliniuliza habari za watoto wa shule, aliniitikia shikamoo yangu kama kawaida. Lakini kila aliponipimia kilo yangu, aliiweka kwenye mizani, akaimwaga, akaipima upya, kisha akaigeuza mizani yote kuelekea kwangu, akangoja mpaka niseme nimeiona.